Nilivyokwenda Merigi Kuwapima Wakwe

Safari hii ilianzia mezani kwetu, juu ya ugali na mboga ya managu, Jumapili moja katikati ya miaka ya tisini. Dada yangu Moraa alikuwa ametangaza kwamba anataka kuolewa na Mwalimu Kirui wa Merigi, huko Bomet. Baba akaweka tonge chini.

"Watu wa Chepilat, pale sokoni mpakani, nawajua, nawauzia ndizi. Wa Kericho ni wapole. Lakini ukishapita Bomet mjini, mgeni anatazamwa kama mwizi wa ng'ombe."

Baba si mtu mbaya. Ilikuwa imepita miaka michache tu tangu watu wa kabila letu na wa kabila la kina Kirui wachomeane nyumba mpakani, na hofu ilikuwa haijamtoka. Ila mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na kila nikisikia neno nilidai ushahidi.

"Baba, umewahi kufika Merigi?"

"Sijawahi."

"Sasa umejuaje?"

Moraa alinikanyaga mguu chini ya meza. Baba alinitazama, akanawa mikono taratibu. "Haya, msomi. Nenda wewe. Usiseme wewe ni mtoto wa nani. Ukirudi unieleze walivyokupokea, nami nitampa Moraa jibu kwa hayo utakayosema."

Moraa hakulala. Alinipigia pasi shati, akanipa mwavuli wake, akaniambia neno moja tu: "Tafadhali."

Chepilat, saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimejiwekea utaratibu: kila nitakaposimama nitaomba maji kwa mtu nisiyemjua, kisha niandike daftarini nilivyojibiwa. Nilijiona mtafiti mkubwa. Soko lilikuwa limechangamka, ndizi zikitoka upande wetu na mahindi upande wa pili. Nilimwomba maji mama mmoja muuza viazi.

"Maji? Wewe ni mtoto wa nani? Umeoa? Mbona shingo nyembamba hivi, huko kwenu hakuna chakula?"

Akamtafsiria jirani yake kwa Kipsigis, wakaishikilia meza ya viazi kwa kicheko. Nilijibu maswali tisa kabla ya kuonja tone. Nikaandika: "Wachangamfu mno."

Kericho, saa saba mchana. Michai mashambani imekatwa kwa usawa mpaka unatamani kulala juu yake. Fundi viatu mmoja alinipa maji katika glasi safi, akasema, "Karibu sana," akarudi kushona soli. Hakuuliza hata jina. Nilibaki nimesimama nikiutazama mgongo wake, nimejaa majibu ambayo hakuna aliyeyataka.

Jioni nililala kwa binamu yangu, mchumaji wa chai katika shamba moja kubwa. Nilimweleza nadharia yangu mpya kwamba penye wageni wengi watu hawaulizi.

"Na Chepilat je?" akasema, huku akivua gambuti. "Siku ya soko si wote ni wageni?"

Nadharia ilikufa kabla ya chai kumiminwa. Nililala nikicheka peke yangu.

Bomet mjini, asubuhi ya siku ya pili, nilipata nafasi mbele ya lori la maziwa. Dereva alinishusha Merigi saa nane hivi. Mawingu yalikuwa tayari yamejipanga, maana mvua ya huko haichelewi. Niliuliza nyumbani kwa Mwalimu Kirui ni wapi, nikaambiwa walimu wa jina hilo wako watatu. Basi nikaingia kwenye kibanda cha kupimia majani ya chai, nikasimama kando, nikafungua daftari.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Katika nchi ya chai, mtu mwenye shati la pasi, mwavuli na daftari, akisimama karibu na mizani, hana kazi nyingine duniani isipokuwa kukagua majani. Kelele zilikatika. Wanaume wawili waliinamia vikapu vyao, wakaanza kuyatoa majani makubwa yasiyokubaliwa kwa kasi ya ajabu.

Mama mmoja mnene, ambaye kikapu chake kilikuwa kimekataliwa na karani muda huo huo, alinijia moja kwa moja.

"Ni wewe! Ni wewe umetumwa kukataa majani yetu!"

"Hapana, mama, mimi..."

"Andika! Andika jina yangu! Majani mawili na kichipukizi, hiyo ndiyo nimeleta. Wewe umewahi kuchuma? Onyesha mikono!"

Nilionyesha mikono. Ilikuwa laini. Kibanda kizima kikacheka.

Papo hapo mvua ya mawe ikaanguka. Watu wakatawanyika. Mama yule akakishika kikapu kwa mkono mmoja na shati langu kwa mwingine.

"Kuja! Unataka useme kwa ofisi watu wa Merigi walikuacha kwa mvua?"

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alinikalisha jikoni kando ya moto, akanivua viatu mwenyewe kama mtoto, akabandika sufuria. Na muda wote huo hakunyamaza. Mbolea imechelewa. Karani ni mwongo. Sisi wa daftari tunakula jasho la watu. Akanimiminia mursik, maziwa ya kibuyu yenye madoa ya mkaa. "Kunywa, mnyang'anyi." Nikanywa. Akapakua ugali mkubwa kama kichwa changu. "Kula. Hata huoni haya." Nikala, nikaongezwa, nikatukanwa, nikaongezwa tena. Sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Kupitia mlango wazi wa sebuleni niliona picha ukutani: Moraa, amevaa sweta yangu ya chuo, anatabasamu.

Nikaangua kicheko.

"Unacheka majani yangu?"

"Hapana, mama. Yule pale ni dada yangu."

Mwiko ulisimama hewani. Alitazama picha, akanitazama mimi, akafunika mdomo. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kitambaa kipya kichwani, akanihamishia sebuleni kwenye kiti chenye vitambaa vya kufuma.

"Karibu, mgeni wetu," akanong'ona, macho chini. "Nyumbani hawajambo?"

Basi. Mpaka Mwalimu Kirui aliporudi kutoka shuleni, mama yake hakusema jingine. Nilikaa wima na kikombe changu, nikijuta kwamba nimejitambulisha.

Nyumbani, jioni ya siku ya tatu, Baba alinisubiri mlangoni. Moraa alikuwa nyuma yake, ameshika ufagio asioufagilia.

"Walikupokeaje?"

"Mama mwenye nyumba alinitukana tangu sufuria ilipobandikwa mpaka ugali ulipoiva."

Ufagio ulianguka.

"Alijua wewe ni nani?"

"Alidhani nimekuja kumnyima riziki yake."

"Na bado alikulisha?"

"Nilikula sahani tatu, baba."

Baba alikaa kwenye kizingiti, akafikiri. "Waambie waje," alisema hatimaye.

Nilikuwa nimekwenda kujua ni wapi wanawapenda wageni zaidi, lakini daftari langu lilikuwa halina maana. Chepilat nilikuwa kapera mwembamba, Kericho mtu mwenye kiu tu, Merigi adui. Nilidhani nawapima wao, kumbe kila mahali alifika mgeni tofauti.

Walikuja, wazee sita na mama yule. Kwa saa mbili alikaa kimya kabisa, akinywa chai kwa ncha ya midomo, na Baba naye akajibana ndani ya koti lake. Nikaona hapa tutakufa kwa heshima. Nikapendekeza tutembee shambani.

Mbele ya michai michache aliyopanda Baba kando ya migomba, mama yule alisimama. Akainama. Akashika tawi moja, akaligeuza.

"Hii nani alipogoa? Mbuzi?"

Moraa alinishika mkono. Baba alinyooka, akafungua kifungo cha juu cha koti, na kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia siku nzima akasema, "Mbuzi? Mama, sogea hapa nikufundishe kupogoa!"