Sarara ya Siku ya Kwanza

Saa kumi kasoro robo alfajiri, Lavonne Tveit amepiga magoti kando ya barabara kuu nje ya mji mdogo wa Garnet Fork, Montana, mkono wake umezama kwapani mwa elki jike. Elki ni jamii ya kulungu, ila huyu aliyelala hapa anakaribia ng'ombe kwa uzito. Lavonne anapima joto la ngozi, halafu anammulika jicho kwa kurunzi.

"Linang'aa bado," anasema. "Hajamaliza hata saa moja."

Dereva wa lori la magogo ndiye aliyemgonga, na ndiye aliyempigia simu. Taa moja ya lori imevunjika, mwenyewe hana hata mkwaruzo. Lavonne anapiga picha, anajaza maombi ya kibali kwenye simu huku akipulizia vidole vyake visigande. Sheria inampa saa ishirini na nne kuomba, lakini yeye hagusi kisu mpaka kibali kirudi.

Jirani yake, Orrin Decoteau, mzee wa miaka sabini na moja aliyestaafu kiwanda cha mbao, anarudisha pikapu nyuma na kufungua winchi.

"Wenzako wakiamka wanatafuta kahawa," anamwambia. "Wewe unatafuta maiti."

"Na wewe unanifuatia nini?"

"Kahawa. Umeibeba?"

Ameibeba. Wanamvuta elki juu ya turubai, wanamfunga, na kabla ya kuondoka Lavonne anazunguka na kurunzi kuhakikisha hakuna kilichobaki. Mnyama huondoka mzima, na matumbo yake. Anayepasulia barabarani na kuacha utumbo anamwita tai aje kula, tai atagongwa, na dereva atakayemkwepa tai ataishia mtoni. Lavonne ameshaiona ajali ya namna hiyo. Hapendi kuisimulia.

Ana miaka hamsini na minane. Ni dereva wa basi la shule, safari mbili kwa siku, mshahara dola 1,500 kwa mwezi, na miezi ya likizo ndefu halipwi kitu. Mumewe Harlan alifariki miaka tisa iliyopita. Ratili moja ya nyama ya ng'ombe ya kusaga dukani imepita dola sita. Elki kama huyu, asipochanika sana, hutoa ratili mia moja na sitini. Nusu hubaki kwake, nusu huenda kwa nyumba nne za jirani ambazo hazina mwenye nguvu za kuwinda. Kuuza ni marufuku, na hakuna aliyewahi kumwomba auze.

Kazi hii alijifunza kwa kukosea. Elki wake wa kwanza alimwacha nje kwenye theluji usiku kucha, akiamini theluji ni friza ya bure. Asubuhi alipopasua paja, harufu iliyotoka kwenye mfupa ilimtoa machozi.

"Theluji ni blanketi," anasema. "Mnyama mkubwa hivi, na ngozi ile, ukimfukia unamfunika joto lake mwenyewe. Anaoza kuanzia ndani na wewe unamwona mzuri kwa nje."

Ndiyo maana leo, kabla hajakimbilia basi lake la saa moja kasoro dakika kumi, wanamtundika kwenye banda la Orrin, wanamtoa matumbo, wanamchuna, na Lavonne anapasua mapaja yote mawili mpaka mfupani. Mvuke unatoka kama chungu kilichofunuliwa.

Kisha anakata shingo na kutoa tezi mbili ndogo. Hizi zinatiwa kwenye mfuko wenye namba na kupelekwa kupimwa. Katika bonde lao kuna ugonjwa unaoshika kulungu na elki, unaokula ubongo polepole mpaka mnyama anakonda, anadondosha mate na kutangatanga kama mlevi. Kupika hakuuui. Kugandisha hakuuui. Majibu huchukua wiki mbili, wakati mwingine tatu, na mpaka yarudi, nyama hukaa friza ya chini bandani, imefungwa kwa kamba nyekundu.

Kila mtu Garnet Fork alimjua Lavonne kwa kamba zake nyekundu. Walimtania kwamba hata kuku wa dukani angemfunga. Kwa miaka kumi na moja na wanyama arobaini na watatu, hakuna pakiti aliyoifungua kabla ya wakati.

Isipokuwa sarara.

Hii ni desturi ya bonde zima, ya zamani kuliko vipimo. Siku mnyama anapofika nyumbani, ule mnofu laini wa ndani ya mgongo hukatwa vipande, hukaangwa kwa siagi na vitunguu, na waliombeba hula papo hapo, wamesimama, mikono bado ina harufu ya damu. Sarara haigandishwi. Hakuna aliyewahi kuiita nyama ya kusubiri, kwa sababu hakuna aliyeihesabu kuwa nyama. Ilikuwa shukrani tu.

Mazoea yana taabu. Novemba iliyopita aligongwa kulungu dume karibu na daraja, kijana, mnono, manyoya yanateleza kama yamepakwa mafuta. Binti yake Lavonne, Karna, alikuwa amekuja kwa sikukuu ya Shukrani kutoka ng'ambo ya milima, mwendo wa saa tatu, pamoja na mwanawe Britta wa miaka mitatu. Karna alishika miguu ya nyuma kumpakia kulungu. Britta alibeba kurunzi. Kwa hiyo wote walikuwa wabebaji.

Lavonne alitoa tezi, akazitia mfukoni, akaandika namba. Akafunga nyama kwa kamba nyekundu, pakiti baada ya pakiti. Kisha akaweka kikaango motoni.

Orrin alikula. Karna alionja kimoja. Mtoto alisimama kwenye kiti na kusema, "Bibi, bado," na bibi akaongeza.

Siku ya kumi na nane alipigiwa simu. Alikuwa ndani ya basi, uwanja wa shule, watoto hawajatoka. Mwanamke wa ofisi ya wanyamapori aliongea kwa upole, akamtajia namba ya mfuko, akasema kipimo kimeonyesha ugonjwa. Akamuuliza kama kuna nyama yoyote iliyoliwa.

"Nilitaka kusema hapana," anasimulia. "Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Miaka kumi na moja nawasema watu, halafu niwe mimi."

Alisema ndiyo. Aliwapeleka watoto wote nyumbani salama, akaegesha basi, akampigia binti yake.

Karna hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Mama, alikula vipande vingapi?"

"Vitatu."

"Una uhakika?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namkatia."

Simu ilikatwa. Karna alimpeleka mtoto kwa daktari. Daktari alimweleza kwamba hajulikani mtu yeyote aliyewahi kuupata ugonjwa huu kwa kula nyama, ila wataalamu wanakataza kuila kwa sababu hawajui yote. Mtoto asiye na dalili hana cha kupimwa, hana dawa ya kupewa. Magonjwa ya jamii hii yanaweza kukaa miaka mingi bila kujionyesha. Aliandika kwenye faili na kuwaaga.

Hapo ndipo Lavonne anapotaka wazazi wenzake wasikie. Si kwamba mtoto anaumwa. Britta ni mzima, anaruka, ana maneno kuliko redio. Taabu ni kwamba hakuna siku ambayo mtu atakuja kusema yameisha. Akijikwaa, bibi yake anauliza amejikwaaje. Akisahau jina la paka, bibi yake halali.

"Watu wananiambia niache, hakuna aliyekufa," anasema. "Nawaambia, sawa, basi mpeni wenu."

Orrin anaichukulia kwa namna yake. Kwa umri wake, anasema, ugonjwa huo ukimtaka upange foleni nyuma ya moyo na magoti. Lavonne hucheka kidogo. Mzee ana haki ya kufanyia mzaha sahani yake mwenyewe. Mtoto wa miaka mitatu hula anachopewa.

Nyama yote ya kulungu yule ilizikwa kwenye jalala la mji, chini ya usimamizi. Visu alivitupa, na mashine ya kusagia ya Harlan pia, iliyokuwa imetumika tangu arusi yao. Krismasi Karna hakuja. Januari alipokea simu mara mbili, akajibu kwa ndiyo na hapana. Mtoto hakupewa simu.

Lavonne alifikiria kuacha kabisa. Kilichomrudisha ni zile nyumba nne na bei ya duka. Lakini alirudi na sheria mpya, na mwezi uliopita aliomba dakika kumi kwenye ukumbi wa zimamoto, ambako watu wa vibali hukutana, akasimama akasema alichofanya, na akataja vipande vitatu.

Kijana mmoja nyuma alisema babake amekula sarara siku ya kwanza kwa miaka hamsini na bado anapasua kuni.

"Babako alikula kabla ugonjwa haujafika bondeni," Lavonne alimjibu. "Na wewe una mtoto wa umri gani?"

Kijana alisema miezi minane.

Leo bandani, Orrin anaikata sarara ya elki huyu, anaipima kwa mkono, anamtazama Lavonne kwa tamaa ya mazoea. Lavonne ananyoosha karatasi. Inafungwa kwa kamba nyekundu, inaandikwa, inawekwa friza ya chini. Orrin anakula mkate na jibini, akilalamika kwamba zamani kazi hii ilikuwa na raha yake.

Saa imefika, basi linasubiri. Lavonne ananawa mikono mpaka viwiko, mara mbili, na wakati anajifuta anaeleza habari ya wiki hii, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuivunja. Karna amepiga simu mwenyewe. Atakuja Pasaka, siku mbili. Ana masharti: atakuja na chakula chake, na Britta hatakula chochote nyumbani kwa bibi ambacho mama yake hakukifungua kwa mkono wake.

"Nimekubali yote," anasema. "Hata angesema nile nje."

Mpango wake hauzidi hapo. Kumaliza miaka minne ya basi iliyobaki, kuendelea kulisha nyumba nne, na kuishi muda mrefu kuliko alivyowahi kutaka, kwa sababu sasa ana kitu cha kusubiri.

"Nataka nimwone ana miaka thelathini," anasema. "Mwenye akili zake timamu, amenikasirikia kwa jambo dogo kabisa. Nimesahau siku yake ya kuzaliwa, kwa mfano. Hapo nitajua nimepona."