Viatu Vyake Havichomwi

Mke wangu alizikwa kwetu Zagayu, msimu wa pamba ukiisha, na kabla hatujaondoa tanga wazee walikuwa wameshaamua viatu vyake vichomwe.

Aliyelianzisha, bila kukusudia, alikuwa mwalimu mmoja aliyesoma naye chuo cha ualimu. Alikuja kutupa pole, akaanza kukumbuka ya chuoni ili atuchangamshe.

"Shemeji, yule alikuwa wa mwisho kila mbio! Sisi tumemaliza, tumeoga, yeye bado yuko uwanjani."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Baba yangu mdogo hakucheka. Alisubiri mgeni aondoke, ndipo akasema, "Mmesikia wenyewe. Chuoni wa mwisho. Hapa kwetu, mama wa watoto wawili, anawaacha wanaume. Miguu hiyo ilitoka wapi?"

Kila mtu alielewa: dawa. Wanawake waliomwosha walikuwa wameona makovu nyuma ya vifundo vya miguu, wakasema ni chale. Malaria iliyomuua ikawa si malaria tena. Dawa imemrudia, walisema, na viatu vikibaki ndani itamfuata binti yake.

Mimi nimeishia darasa la saba. Mambo ya mbio siyajui. Najua nilichokiona.

Alipopangiwa shule ya kwetu, binti yetu alikuwa bado ananyonya, na mama yangu ndiye aliyekuwa anashinda naye. Mtoto alikataa uji, akakataa maziwa ya ng'ombe, akakataa kikombe na kijiko. Kengele ya mapumziko ikilia, mke wangu aliweka chaki chini, akafunga kanga juu ya gauni, akakimbia hadi nyumbani kwa njia ya mashamba ya pamba. Ananyonyesha, anakimbia tena kurudi darasani. Mwanzoni alikuwa anafika amekwisha kabisa, mama anamwita mayu, yaani mama, anamwambia, "Kaa kwanza, mayu, hayo maziwa yamechemka humo." Na bado alichelewa, na mwalimu mkuu alimkaripia mbele ya wanafunzi.

Mvua zilipoanza, udongo mweusi ulinata kwenye viatu mpaka havinyanyuki. Akavivua, akakimbia peku. Waliokuwa wanapalilia walimwamkia kwa Kisukuma, wakamtania.

"Mwangaluka, mayu! Unakimbizwa na nani?"

"Na mwanenu!" alijibu, bila kusimama.

Ikafika wakati anajibu, anaongeza na utani wake, na pumzi haijakatika. Kama ilikuwepo dawa, ni hiyo. Mtoto wa kwanza, kisha wa pili, jua na mvua. Chuoni walimpigia filimbi akimbie. Hapa alikuwa na mtu anayemlilia.

Watoto walipoacha kunyonya, yeye hakuacha kukimbia. "Miguu imezoea," aliniambia, na alfajiri akawa anatoka. Viatu alivinunua Bariadi kwenye mitumba, miaka ile mitumba ilipotufikia hadi huku, baada ya muda mrefu wa kuvaa viraka. Vilikuwa vya mtu mwenye mguu mkubwa. Alivijaza matambara mbele, na bado ukingo wa nyuma ulimchana. Jioni nilimpaka samli kwenye vidonda. Hizo ndizo chale zao.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi wa pamba, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Mmoja, ili wakulima wamjue, aliandaa mbio mjini Bariadi. Wanaume na wanawake walianza pamoja. Niliona wanaume wazima wakikaa pembeni na kushika mbavu, eti kichomi, mara tu alipowapita. Aliwashinda wanawake wote na wanaume wengi. Si wote, sitamwongezea. Alipopelekwa Mwanza alikuwa wa nne, akarudi anacheka: "Watatu tu, baba watoto. Chuoni walikuwa chuo kizima."

Siku ya kuvichoma, baba mdogo alikuja na kibatari mkononi, ili avimwagie viatu mafuta ya taa. Mimi si msemaji. Siku zote za msiba nilikuwa naitikia pole, basi. Niliingia ndani, nikavichukua viatu, nikatoka nikakaa navyo mapajani.

"Lete, mwanangu."

"Sivitoi, baba."

"Unataka kumuua mtoto?"

"Mtoto huyu ndiye alikuwa anakimbiliwa. Wote mlimwona mama yake akipita."

"Usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Sikuvunjii. Ila aliposhinda Bariadi mlikuja hapa mkala wali wake. Hakuna aliyeuliza miguu imetoka wapi."

Mama yangu, aliyekuwa anampokea mlangoni kila siku, aliangalia chini. Hilo lilinichoma kuliko maneno ya baba mdogo. Yeye alizima kibatari chake, akaondoka bila kula, na wengine wakamfuata. Mpaka leo hatujapatana. Sijaenda kuomba radhi na siendi.

Viatu vinaning'inia karibu na mlango, matambara yakiwa bado ndani. Udongo kwenye soli sijautoa. Mgeni akiingia na kuviangalia kwa woga, namwambia ni vya nani, na kwamba chuoni alikuwa wa mwisho kila mbio. Hilo ndilo ninaloanza nalo.