Bega la Kushoto la Mama Mdogo Kahindo

Harufu ya kabichi zilizopondeka, ikichanganyika na mazutu, dizeli ya lori, hunirudisha Katindo, mtaa wetu wa Goma, enzi za Zaire, msimu wa mvua nilipokuwa msichana wa darasa la tatu. Kahindo, mdogo wake mama, alinunua kabichi kwa wakulima wa Masisi na kuzileta Goma kwa lori. Daima alikaa mbele, kando ya dereva, kilemba chake kikipepea dirishani. Asubuhi hiyo mimi na mama tulisimama mbele ya nyumba tukimngoja. Tuliliona lori likija, tukaona mkono wake ukitupungia. Kisha breki zikakataa, na lori likagonga ukuta wa mawe meusi ya volkeno.

Dereva alitolewa akivuja damu, mguu umevunjika, na watu wote wakamkimbilia. Kahindo alishuka mwenyewe, bila hata mkwaruzo. "Mie niko muzima," alisema. "Mubebe kwanza shofere." Akaja kukaa barazani kwetu, akaomba maji, akawacheka mbuzi waliokuwa wakizishangilia kabichi zake barabarani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini siku hiyo sote tuliutazama mlango tu.

Baadaye akamwambia mama, dada yake mkubwa, "Yaya, bega inaniuma. Ya kushoto." Mama akamkanda kwa mawese ya moto. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Alipotaka kusimama, alianguka. Majirani walimbeba hadi hospitali, na kabla ya adhuhuri hakuwapo tena.

"Bega haikugongwa, mama," daktari alimwambia mama taratibu. "Ni tumbo ilipiga chuma ya mbele. Gari ilisimama, lakini vyenye viko ndani vilikuwa vingali vinakimbia. Bandama ikapasuka, damu ikajaa tumbo, na maumivu yake yakapanda mpaka kwa bega." Mama aliitazama mikono yake, ambayo bado iling'aa mafuta.

Siku hizi magari yana mikanda, na hospitalini kuna mashine ya kutazama ndani ya tumbo bila kisu. Watu huniambia kwamba leo angepona. Huenda. Lakini kila nionapo mtu akishuka salama kwenye gari lililobonyea, siwezi kushangilia na wenzangu. Nimekwisha kumzidi Kahindo umri kwa mbali. Ndotoni bado namwamkia kwa heshima, mimi mwenye mvi, naye, binti mbichi, hunijibu, "Karibu, mutoto yangu."