Majina Manne ya Marcel

"Mama Marcel, hivi mwanao hasikii, au anatudharau tu?"

Klara, jirani wa Philomena, aliuliza hayo kisimani, wenzake wakacheka. Philomena alijitwika mtungi akaondoka. Mwaka ule wa 1953 Marcel alikuwa na miaka minne, na yale maneno machache aliyoyajua zamani yalikuwa yamempotea. Hakumtazama mtu usoni. Kutwa alipanga mbegu za maboga kando ya ukuta, na ukiisogeza moja tu, analia mpaka jioni.

Baba yake, Kalisti, alikuwa machimboni huko Geita, akija kijijini kwao Samuye mara moja kwa mwaka. Mwenye kauli nyumbani alikuwa mama mkwe, naye alishikilia kwamba kuna marehemu wa ukoo anayedai mtoto aitwe kwa jina lake. Mtoto akapewa jina jipya na ushanga wa mkononi, nyumba nzima ikaambiwa imwite hivyo. Hakugeuka. Likatafutwa la pili, kisha la tatu.

"Tumemwita mpaka marehemu wetu wamekwisha!" mama mkwe alisema. "Basi, ni kiziwi."

Philomena alikuwa Mkristo, na majina yale yalimtia haya mbele za Mungu.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa shambani. Wanawake wa pale walilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, safu moja, wakiimba. Nyimbo zikipanda, Marcel aliziba masikio na kupiga mayowe. Wenye mimba wakaogopa kuzaa mtoto kama yeye. Philomena akaambiwa abaki kwake. Misimu miwili akalima peke yake, hana wa kusema naye ila Mungu.

Mwishowe alimpeleka mtoto zahanati ya misheni. Sista Generosa akamwita Marcel kwa majina yote manne, akapiga makofi. Mtoto hata hakutikisika. Sista akashika kalamu aandike: kiziwi.

"Subiri, Sista."

Philomena alisimama nyuma ya mwanawe, akabanja karanga moja kwa vidole. Sauti ndogo tu. Marcel akageuka, kiganja wazi.

Sista akaweka kalamu chini. Alimuuliza Philomena mengi, kisha akasema, "Huyu anasikia, pengine kutuzidi sisi. Pepo hana. Ugonjwa huu jina lake silijui, mama, na dawa ya kukupa sina. Lakini mmemchanganya. Mrudishie jina moja. Maneno machache, kwa upole, kila siku vilevile. Na mwepushe kelele."

Akafanya hivyo. Kila asubuhi mahali palepale, kibuyu kilekile, maneno yaleyale: "Marcel, uji." Mama mkwe alinuna, akasema mtoto hafundishwi kama ndama. Mwezi wa saba tangu waanze, asubuhi moja, Marcel alimvuta nguo bila kumtazama.

"Uji."

Alimpa. Kisha akaingia ndani akalia, maana hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mvua zilipoanza, wanawake walikusanyika shambani kwa Klara. Philomena alifika na jembe, amemshika Marcel mkono. Akapiga magoti, akawaamkia wakubwa, akasema:

"Mama zangu, naomba mnirudishe katika safu. Mwanangu si kiziwi, na hana cha kuwaambukiza. Nyimbo ndizo zinazomuumiza. Siku nikiwa nanyi, naomba tulime bila kuimba."

Klara akasogea, akamwachia nafasi safuni, akainua jembe bila kuanzisha wimbo.