Njano Iliyogoma Kutoka

Shemeji yangu tunamwita Jicho, na jina hilo hakulipata kwa uzuri wa macho. Alilipata kwa usumbufu. Uvae gauni unaloliita jeusi, atakwambia mbele ya wageni kwamba hilo si jeusi, ni buluu iliyokolea. Anapiga video ndogondogo: harusi, matangazo ya maduka, masomo ya mitandaoni. Ana kamera moja, taa mbili na ujanja usiokwisha. Jua likiwa kali hutandaza shuka jeupe dirishani, na uso wa mtu unalainika papo hapo. Kuna mwalimu mmoja miwani yake ilikuwa inarudisha mwanga wa taa mpaka macho hayaonekani. Jicho alimwinulia mikono ya miwani juu kidogo ya masikio, vioo vikainama, mng'ao ukapotea. Mwalimu wa watu alihojiwa mwanzo hadi mwisho akiogopa kutikisa kichwa.

Mimi kazi yangu ni kushika maiki na kugombeza wanaopiga kelele. Ya pili naiweza zaidi. Mke wa Jicho ni mdogo wangu wa tumbo moja, fundi cherehani. Kila wiki tulirekodi somo lake la kushona katika chumba chake cha kazi, na muuza vitambaa mmoja alitudhamini ili vitambaa vyake vionekane.

Basi siku moja muuza vitambaa alikuja mwenyewe, amefura, kitambaa begani na simu mkononi.

"Hiki ni cheupe au si cheupe?" aliuliza, hata salamu hakuna.

"Cheupe," nilimjibu.

"Haya, kiangalie kwenye video yenu."

Kwenye video kilikuwa na ubuluu, kama kimelowekwa na shati linalochuja. Wateja walikuwa wanamwambia kwamba anaonyesha mzigo mmoja na kuuza mwingine.

Nilimtazama Jicho nikingoja abishe, maana ubishi wa rangi ndio chakula chake. Alikuna kichwa. Alieleza kwamba majuma haya picha za chumba hiki zilikuwa zinamtokea na njano, hasa kwenye weupe wa macho na viganja vya mke wake. Akifika kwenye kompyuta alikuwa anaipunguza njano hiyo mpaka mke apendeze. Kumbe alipokuwa akimsafisha mke, kitambaa kilikuwa kinageuka buluu.

"Leo kompyuta siigusi," alisema. "Njano ina mahali inapotoka. Nitaitafuta humu humu ndani mpaka niikomeshe."

"Na mimi nipo, nataka kuona," alisema muuza vitambaa, akajivutia kigoda.

Mdogo wangu alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, anajikuna mikono. Siku hizo alijikuna sana, akilisingizia vumbi la vitambaa. Gauni pia lilikuwa limeanza kumpwaya, na wanawake wenzake walikuwa wanamuuliza siri ya kupungua.

Jicho alianza na pazia, lilikuwa la rangi ya haradali. Alilishusha, akachungulia kwenye kamera, akasonya. Akazima taa ya dari. Akazima na taa zake mwenyewe, tukabaki na mwanga wa dirisha peke yake. Njano ipo. Ukuta ulikuwa wa rangi ya maziwa, akaufunika kwa shuka. Akabadilisha lenzi. Akaweka karatasi nyeupe mbele ya kamera ili kamera ijue weupe ni upi, na karatasi ikatokea nyeupe safi. Kitambaa cha muuza vitambaa nacho kikatokea cheupe, mwenyewe akaguna kwa kuridhika. Mdogo wangu alipotazama kamera, njano ikawa palepale.

"Chumba kina jini hiki," nilisema.

"Shemeji, hebu kaa wewe pale."

Nilikaa. Jicho alichungulia. Akaniambia nifumbue macho vizuri, nikamwambia yamefumbuka, ndivyo nilivyozaliwa. Muuza vitambaa alicheka. Jicho hakucheka.

"Wewe uko sawa," alisema polepole. "Mke wangu, rudi ukae. Shika hicho kitambaa, kiweke karibu na shavu."

Mdogo wangu alifanya hivyo. Nilisogea nyuma ya kamera, nikatazama kile kioo kidogo pamoja na Jicho. Kitambaa kilikuwa cheupe kama unga. Macho ya mdogo wangu pembeni yake yalikuwa ya njano kabisa, njano ya ndizi mbivu. Niliinua uso nikamtazama yeye mwenyewe, bila kamera, bila taa. Yalikuwa vilevile.

Jicho aliiacha kamera, akaenda akapiga magoti mbele ya mke wake. Alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani, akafungua viganja vyake kimoja kimoja.

"Ni wewe," alisema. "Mungu wangu, ni wewe mwenyewe."

Muuza vitambaa ndiye aliyepata akili kwanza. Alitubeba kwa gari lake mpaka hospitali, na kitambaa akakiacha sakafuni.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimpima, akampeleka kupigwa picha ya tumbo, akarudi bila kukaa. Kijiwe kilikuwa kimetoka kwenye mfuko wa nyongo na kuziba mrija, na tayari damu ilikuwa imeanza kuingiwa na maambukizi. Alisema kijiwe kitatolewa leo hii, na hawezi kutuahidi kitu, kwa sababu tumechelewa.

"Macho haya yamekuwa hivi tangu lini?" aliuliza. "Nyumbani hamkuona?"

"Niliona," alisema Jicho. "Niliona kabla ya mtu yeyote, daktari. Kila wiki nilikuwa naifuta."

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa. Nilitaka kumrukia shemeji yangu nimtandike palepale, nikasikia mdogo wangu anaongea kutoka kitandani.

"Na mimi niliona. Kwenye kioo. Niliogopa, nikawa naitazama ile video, nikijikuta niko mzuri, macho meupe. Nikasema Jicho hawezi kukosea rangi. Kioo ndicho kibovu."

Wakamsukuma kwenda ndani. Jicho alisimama, mkono bado umeshika hewa pale ulipokuwa ukingo wa kitanda.

Mdogo wangu alitoka hai. Tulipoingia kumwona, alikuwa amechoka, midomo imekauka, lakini alimtambua kila mtu na akaomba maji. Jicho alimkalisha, akamnywesha. Kisha akainama karibu kabisa na uso wake, akatazama kwa muda mrefu, akageuka kwangu. Mtu yule hajawahi kumuuliza binadamu swali kama lile.

"Shemeji, niambie wewe," alisema. "Ana rangi gani?"

Nilitazama macho ya mdogo wangu, nikamwambia bado ni ya njano.

"Niambie na kesho," alisema Jicho.