Mjane atakiwa kukodi namba ya marehemu mumewe

TABORA. Saa mbili asubuhi, treni ya Kigoma inaingia stesheni ikiwa imechelewa, kama kawaida yake. Abiria wanamwagika na madumu ya mawese na viroba vya dagaa. Teksi zimejipanga mbele ya geti, kila dereva anaita: "Twende, mama! Mzigo bure!"

Katikati ya mstari kuna pengo la gari moja. Hakuna anayeliziba.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vipuri, Hafsa Mfaume, 43, amekaa kimya ndani ya Corolla nyeupe. Akiita abiria tu, anakamatwa. Tayari ameshapigwa faini mara mbili.

"Lile pengo ni langu," anasema, akilionyesha kwa kidevu.

Idadi ya teksi hapa imefungwa: ishirini, basi. Kila moja ina namba, ndiyo kibali chake cha kupakia hapa. Namba saba ilikuwa ya mumewe, Abdulatifu, aliyefariki mwaka jana. Kijiwe hiki kina mila yake. Dereva akifa, nafasi yake haiegeshwi gari mpaka mjane atoke eda, ndipo familia ikabidhiwe.

"Mimi Mkatoliki, kwetu hakuna eda," anasema mwenyekiti wa kijiwe, Emilian. "Lakini hapa tunaikaa sote. Treni ijae itakavyojaa, pale hapaguswi."

Heshima hiyo ndiyo iliyomponza Hafsa. Yeye yuko ndani na kaniki yake, huku nje mkaguzi wa leseni kapita, kaona nafasi tupu, kaandika kwamba namba saba haitumiki. Ikagawiwa mtu mwingine.

Alipotoka eda akaenda ofisi ya leseni. "Idadi imejaa, mama. Subiri," akaambiwa.

"Imejaa wapi, baba, na pengo si lile?"

Mji huu hauna siri. Kabla ya adhuhuri alishajua namba amepewa nani: mtu asiye na gari, wala baiskeli. Jioni mtu huyo akapiga simu mwenyewe.

"Dada, pole na msiba. Namba ninayo mimi. Nipe elfu nane kwa siku, uendelee na kazi."

Hafsa anapiga usukani kwa kiganja. "Siku nzuri napata elfu ishirini, mafuta humo humo. Halafu nikodi kwa mtu namba ya mume wangu?"

Emilian naye hapoi. "Kufunga idadi tuliomba wenyewe, tusigombanie abiria. Tuliomba wafunge magari! Hatukuomba wampe namba mtu wa kukaa sebuleni ale jasho la mjane!"

Bibi Veneranda wa Itetemia anavuka barabara na dumu lake, akiwapita madereva wote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bado wanakufukuza?"

"Bado."

"Fungua mlango. Wakiuliza, mimi shangazi yako."

Emilian anapaza sauti kutoka ng'ambo: "Hafsa! Tabora nzima hakuna ukoo wenye mashangazi wengi kama wako!" Mstari mzima unacheka, na Hafsa pia.

Jumatatu rufaa aliyokata kudai namba hiyo inasikilizwa. Madereva wote kumi na tisa wameapa kuliacha geti tupu waende kumtolea ushahidi.

Na akishindwa?

Hafsa anawasha gari. "Jumanne naegesha kwenye lile pengo, treni ikiwa imejaa, wanikamate watu wote wakiona. Eda ya mume wangu nimeikaa. Eda ya namba sikai."