Mkono wa Papa Kambere

Katungu, msusi wa mtaa wa Murara, alipenda kupamba kurasa za picha kwenye simu. Kikundi chao cha WhatsApp kilipotangaza mashindano yenye mada "Aliyenilea", alichagua picha ya baba yake, Papa Kambere, amesimama mtaani Birere, mkono mmoja juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao aliyoshushia magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka mlimani Kibati tangu ujana wake.

Lakini baba za wenzake walivaa suti. Katungu akaona haya. Akaifuta chukudu kwa kidole, akaweka waridi mahali pake, akazungushia fremu ya dhahabu, akatuma.

Jumapili, walipotoka misa, muzee akaomba auone huo ukurasa unaosifiwa na majirani. Akautazama kwa muda mrefu.

"Mukono yangu inashika nini hapa, mama?"

Katungu akajibu haraka. "Chukudu haikuenea mu picha, papa."

Muzee akamrudishia simu taratibu.

"Ni kweli, iko kubwa," akasema. "Wakati nilikuwa nakupeleka ku masomo, ulikuwa unaenea pale yulu ya chukudu, pamoja na makala."